Maua ya Zinia katika Nchi ya Mvua Chache

Jioni hii twapenda kunena nanyi habari za ua moja liitwalo zinia, na tumewakusudia hasa wale wakaao katika nchi za mvua chache, kama Dodoma na Ugogo yote, na Singida, na pande za Shinyanga, ambako mtu akisema kwamba ataka kupanda maua uani mwake, jirani zake humtazama kana kwamba amepotewa na akili.

Jirani hao hatuwalaumu. Katika nchi hizo maji ya nyumbani hayaji yenyewe. Mahali pengi huletwa kwa debe kichwani, au juu ya punda, au kwa baiskeli iliyofungwa madumu, na ayaletaye aghalabu ni mama mwenye nyumba au binti yake. Wenyeji wa mjini Dodoma walio na mabomba hunywa zaidi maji yatokayo katika visima virefu vya bonde la Makutupora. Shauri la kuufanya mji huo kuwa makao makuu lilikatwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 Serikali ilipohamia kwa nguvu, watu wameongezeka, na nyumba zimeongezeka, na kila nyumba mpya ina ua wake uliozungushiwa ukuta. Lakini mvua haikuongezeka. Tena Ugogo ni nchi iliyoonja ukame kwa uchungu. Ile njaa iliyoitwa Mtunya, ya tangu mwaka 1917 hata 1920, ingali imo katika masimulizi ya watu wa huko.

Basi mtu aweza kutuuliza: Je, ni haki kulipa ua maji ambayo mwanadamu ameyachukua kichwani mwendo wa saa nzima? Nasi twajibu pasipo kusita, kwamba si haki. Ua litakalo maji ya namna hiyo lisipandwe. Yako maua mengi mazuri yanayonywa maji kama ng'ombe, na nyasi za majani mabichi zilizopandwa mbele ya nyumba zapita hayo yote. Mambo hayo tuwaachie wenye mito. Lakini zinia si wa jamaa hiyo. Mtu akijua tabia yake, aweza kulipata ua hili kwa mvua ya Mungu pamoja na maji machache yaliyokwisha kutumika jikoni. Na katika wale walioipanda zinia wakashindwa, wengi waliiharibu kwa kuinywesha mno, au kwa kuinywesha vibaya. Hayo ndiyo tuliyotaka kuyaeleza.

Kwanza tuitazame asili yake. Kwao zinia hasa ni nchi ya Mexico, na baadhi ya ndugu zake hupatikana kaskazini yake, katika majangwa ya Marekani, na wengine kusini hata Amerika ya Kusini. Katika nyanda za juu za Mexico mvua huanza karibu na mwezi wa Juni na kwisha karibu na Oktoba, kisha ni kiangazi kirefu. Sasa tuitazame Dodoma. Mvua yake huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 au 600. Baada ya hapo ni jua na vumbi na upepo. Mtaona kwamba nchi hizi mbili zimepishana miezi tu, lakini desturi ni moja: masika moja, kisha ukavu mrefu. Kwa hiyo zinia ikipandwa Dodoma haipati ugeni mkubwa.

Mmea huu huushinda ukame kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mwili wake. Ukilishika jani la zinia utaona lakwaruza kidole kama msasa, maana lina vinywele vigumu. Nayo majani hayana vikonyo, yameshikamana na shina mawili mawili, yakielekeana. Njia ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni haraka yake. Mbegu huota mara mvua inyeshapo, na baada ya siku 60 au 70 mmea umekwisha kuchanua, kisha hutoa mbegu, hufa, na mbegu hungoja mvua ya mwaka ujao. Hauweki maji akiba mwilini kama mkonge au mpungate. Afadhali kulifahamu jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu wako watu waliosikia kwamba zinia yavumilia jua, wakaipanda katikati ya Agosti katika ardhi kavu, kisha wakasema wamedanganywa.

Jina lake halitokani na Mexico. Alikuwako mwalimu mmoja katika chuo cha Göttingen, Ujerumani, jina lake Johann Gottfried Zinn, aliyezaliwa mwaka 1727. Kazi yake ilikuwa elimu ya viungo vya mwili pamoja na elimu ya mimea, na mwaka 1755 alitoa kitabu juu ya jicho la mwanadamu, kitabu kilichosifiwa sana, hata sehemu moja ya jicho yaitwa kwa jina lake mpaka leo. Akafa mwaka 1759, hajafikia miaka 32. Mwaka huo huo Linnaeus, yule bingwa wa Sweden aliyeyapa mimea majina, akaiita jamii hii ya maua kwa jina la Zinn. Hivyo mtu aliyelichunguza jicho amepewa ua la kuyafurahisha macho, nasi twaona amelipwa vizuri.

Katika ukoo wa mimea, zinia ni jamaa wa alizeti, na watu wa Singida na Dodoma hawahitaji kufundishwa alizeti ni nini. Kama vile kichwa cha alizeti kilivyo mkusanyiko wa maua madogo mengi, ndivyo kilivyo kichwa cha zinia. Kila petali ya pembeni ni ua moja zima, na chini yake hukaa mbegu moja. Jambo hili litatufaa tutakapofika kwenye habari za mbegu.

Zinia ziko za namna nyingi, na hapa ndipo mtu anapoanza kufaulu au kukosa. Ile ijulikanayo sana, yenye maua makubwa, huitwa na wataalamu Zinnia elegans. Zamani ilikuwa ua dogo lisilopendeza mno. Katika karne ya 19 watunza bustani wa Ulaya wakaikuza wakapata maua yenye petali tabaka kwa tabaka, na katika miaka ya 1920 wauza mbegu wa California wakapata yale makubwa mno yafananayo na dalia. Mmea wake hufika mita moja kwa urefu. Ni mzuri sana kwa kukata maua ya kuweka mezani, lakini ndio utakao maji zaidi, na ndio ushikwao upesi na maradhi ya majani.

Ya pili ni Zinnia angustifolia, yenye majani membamba, nayo haipiti sana kimo cha goti. Hutambaa ikafunika ardhi, na maua yake ni madogo kama nyota, ya rangi ya machungwa au meupe. Hii yastahimili jua kali kuliko ile ya kwanza, na ule ubwiri unga, yaani ukungu mweupe ufanyao majani kuwa kama yamenyunyiziwa unga, hauipati sana. Ya tatu ni Zinnia haageana, yenye maua ya rangi mbili, nyekundu na manjano. Mbegu zake huuzwa mara nyingi kwa jina la Persian Carpet, nayo pia ni ngumu. Kisha wataalamu waliichanganya ile ya kwanza na ile ya pili, na katika uzao huo zikatoka zinia zilizouzwa kwa jina la Profusion, ambazo mwaka 1999 zilipewa nishani ya dhahabu ya wakaguzi wa mbegu wa Marekani. Hizo zimeunganisha ukubwa wa mama na ugumu wa baba. Hatuna budi kumtaja pia ndugu mmoja, Zinnia peruviana, ambaye ametoroka katika bustani za Zimbabwe na Afrika Kusini, na sasa huota mwenyewe kando ya njia, pasipo mtu kumpa hata tone la maji.

Shauri letu kwa mtu wa nchi kavu ni hili: sehemu kubwa ya bustani yako iwe ya zile ndogo zenye majani membamba, au za Profusion ukizipata. Ukipenda maua makubwa ya kukata, weka tuta moja dogo, lisilozidi mita mbili kwa moja, liwe karibu na mlango wa jikoni. Usiichague mbegu kwa kuitazama picha ya pakiti. Aliyeichora picha ile hakufikiri habari za kisima chako.

Mahali pa kupanda pawe penye jua tangu asubuhi, lisipungue saa sita kwa siku. Chini ya mwarobaini hapafai, kwa kuwa kivuli hurefusha shina na kupunguza maua, nayo mizizi ya mti hunywa kabla ya ua kunywa. Upepo nao ufikiriwe. Wakaao Dodoma waujua upepo wa miezi ya Juni mpaka Septemba. Zinia ndefu iliyopandwa upenuni bila kinga hulala chali. Ukuta wa nyumba au ua wa mabua hutosha kuzuia.

Habari ya udongo yataka maneno mengi kidogo. Katika ule udongo mwekundu wenye mchanga, tumeona kwamba tuta la kuinuka juu, kama lile la viazi, ni kosa; maji hukimbia pembeni na jua hulikausha upande zote. Afadhali kitalu kiwe chini kuliko njia, kwa vidole vitatu au vinne, na kando yake pawe na ukingo mdogo wa udongo, ili mvua ikinyesha ikae humo izame. Mvua za nchi kavu huja kwa kishindo na kuondoka. Mtu asiyezitegea mahali pa kukaa huziona zikipita kwenda korongoni pamoja na samadi yake. Lakini katika udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, mambo ni kinyume: hapo inua tuta kiasi cha shubiri moja, kwa sababu zinia ikisimama majini siku mbili tatu mizizi huoza.

Lima kwa kina cha futi moja, upate kuvunja ile tabaka ngumu iliyo chini, kisha changanya samadi ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu, debe moja kwa kila mita moja ya mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi. Wala usiizidishe hata ile ya zamani, maana zinia iliyoshiba mno hutoa majani makubwa ya kujivunia na maua ya kuhesabu.

Usipande kwa mvua ya kwanza, kwa sababu mvua ya kwanza mara nyingi ni ya kudanganya. Ngoja mpaka ardhi imelowa kina cha kiganja, jambo ambalo Dodoma aghalabu hutokea mwezi wa Desemba. Weka mbegu mbili au tatu katika kila kishimo, kina chake kisizidi sentimita moja, na nafasi kati ya vishimo iwe sentimita 30 kwa zile kubwa na 25 kwa zile ndogo. Zitaota kwa siku nne mpaka saba. Miche ikiwa na majani manne, bakiza mmoja wenye afya katika kila kishimo, uing'oe mingine bila huruma. Wengine hupenda kuotesha katika makopo kisha kupandikiza. Yawezekana, lakini mzizi wa zinia haupendi kuguswa, na mche uliopandikizwa huhitaji maji kila siku kwa juma zima hata uzoee. Katika nchi kavu hiyo ni gharama isiyo na faida.

Dodoma mvua ina tabia ya kupumzika katikati, mara nyingi mwezi wa Februari, na wakulima wa mtama na uwele wauogopa sana muda ule. Zinia iliyopandwa katikati ya Desemba huwa imekwisha kushuka mizizi kabla ya pumziko hilo kufika, nayo hulivuka. Panda nyingine mwanzoni mwa Februari mara upatapo mvua, na hiyo itachanua Aprili, iendelee kwa unyevu uliobaki ardhini hata Mei au Juni. Kwa wasikilizaji wetu wa pwani, ambako masika ya Aprili na Mei ni mazito mno na majani hayakauki, twaona vuli ndiyo bora kwao.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Mche mchanga hauna uvumilivu wowote. Kwa majuma matatu ya kwanza, mvua ikikosekana, upewe maji kidogo kila siku ya pili. Baada ya hapo badili desturi kabisa. Mtu amwagiaye kikombe kimoja kila jioni hulowesha vidole viwili vya juu tu, na mizizi, ambayo hufuata maji, hupanda juu ikakaa papo hapo. Siku moja akisafiri, jua huukausha udongo wa juu na mmea hufa kwa siku mbili. Lakini mtu atoaye debe moja zima, kiasi cha lita 18, kwa kila mita moja ya mraba, mara moja kwa juma, polepole hata yazame, huifanya mizizi ishuke chini ambako jua halifiki. Mtu wa kwanza na wa pili pengine wametumia maji sawasawa. Tofauti ni mahali yalipokwenda.

Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 18 juu ya mita moja ya mraba ni lita 18, yaani debe lako. Juma lililopata mvua ya kiasi hicho halidai hata kikombe. Tuseme kitalu chako ni mita mbili za mraba, na katika maisha ya zinia zako majuma sita yalikosa mvua kabisa: utakuwa umetoa madebe 12, basi. Na madebe hayo si lazima yawe ya maji masafi. Maji yaliyooshea mchele na mboga, na maji ya kusuuzia vyombo, yote yafaa. Ila maji yenye sabuni nyingi, na yenye dawa ya kung'arishia nguo, na yaliyotiwa chumvi, hayo yamwagwe kwingine. Visima vingine vya Ugogo vyenyewe vina chumvi, na maji hayo yakitumiwa daima huacha utando mweupe juu ya udongo. Mwenye bati aweke pipa. Paa la mita 30 za mraba, likipata mvua ya milimita 10 tu, hushusha karibu lita 300, na humo mna madebe 16.

Tumesema mara moja kwa juma, lakini hilo ni kadirio, wala halikuwekwa liwe sheria. Mwamuzi ni kidole. Kichomeke udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikikuta unyevu, rudisha maji nyumbani. Majani nayo husema. Zinia ikilegea saa sita mchana kisha ikasimama tena jioni, haijawa na kiu, imejikunja tu kwa ajili ya jua kama mtu ajifunikavyo uso. Ikiwa imelegea hata alfajiri, hapo yakuita.

Iko hadithi ya kweli juu ya jambo hili, nayo yatoka mahali pasipotarajiwa. Mwezi wa Novemba mwaka 2015 zinia zilipandwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile chombo kiizungukacho dunia kwa kimo cha kilometa 400 hivi, ambamo hamna mvua wala kiangazi. Wataalamu waliokuwa duniani ndio waliopanga siku za kuzipa maji. Ilipofika mwisho wa Desemba, majani yalikuwa yakitoa matone na kujikunja, kisha ukungu ukayashika. Wakazidisha upepo wa feni ili yakauke; yakakauka kupita kiasi. Ndipo mwana-anga Scott Kelly wa Marekani alipoomba ruhusa azitunze kwa kuzitazama kwa macho yake, azipe maji aonapo zahitaji, kama mtu afanyavyo bustanini kwake. Baadhi zilikuwa zimekwisha kufa, lakini zilizobaki zikachanua mwezi wa Januari 2016, na picha zake zikaenea ulimwenguni. Ikiwa watu wenye vyombo vya kupimia kila kitu walizidisha maji, basi si ajabu kwa mtu mwenye debe.

Tena maji yamwagwe miguuni pa mmea, asubuhi, wala yasinyunyizwe juu ya majani. Lile debe lenye matundu, lipendezalo kulitazama, laifaa miche tu. Yako madoa ya majani yaletwayo na bakteria, na mengine ya kahawia yaletwayo na kuvu, nayo yote mawili husafiri kwa matone yarukayo toka jani hata jani, tena hukaa katika mbegu. Ukiona mmea wenye madoa mengi, ung'oe uuchome, na mbegu zake usiziweke. Ubwiri unga ni jambo jingine. Huo huja zaidi mahali palipobanana pasipopita hewa, na dawa yake ya kwanza ni ile nafasi uliyoacha wakati wa kupunguza miche.

Vitabu vya bustani husema ardhi ifunikwe kwa majani makavu ili unyevu usitoke. Maneno hayo ni kweli, lakini vitabu vingi viliandikwa na watu wasiomjua mchwa. Ugogo majani makavu yakilala juma moja, mchwa huyafuata, na akiyamaliza hutazama mashina. Sisi twaona afadhali kokoto ndogo, au changarawe, kuzunguka kila mmea. Haziliwi, nazo huzuia jua kuufikia udongo. Kuhusu kuku hatuna la kusema ila uzio. Kuku hupenda sana kuoga vumbi katika kitalu kilicholimwa vizuri.

Mmea ufikapo kimo cha shubiri moja na nusu, na majani yake ni jozi tatu au nne, kata kile kilele cha katikati juu ya jozi ya majani. Mikono ya wengi hutetemeka hapo, lakini pasipo kukata utapata shina moja na ua moja juu yake, na ukikata utapata matawi manne au zaidi. Katika nchi zetu zilizo karibu na mstari wa ikweta jambo hili lina maana kuliko Ulaya, kwa kuwa mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na zinia ikiwa na mchana mfupi huharakisha kuchanua ingali fupi. Kukata kilele huipa nafasi ya kujijenga. Kisha kata maua yaliyofunguka, usiyaonee choyo, kwa maana kila ua ukatalo huleta mengine. Kujua kama ua limekomaa, lishike shina lake shubiri moja chini ya kichwa, ulitikise. Kichwa kikiyumba kama cha msinziaji, liache siku mbili. Shina likisimama imara, kata. Ua lililokatwa katika hali hiyo hukaa katika chombo cha maji juma zima. Na ukipanda zinia karibu na maboga yako au matango, nyuki na vipepeo wazijiao hizo hawatapita pasipo kuyazuru na hayo.

Ikifika Juni au Julai, mvua imekwisha zamani, zinia huanza kuwa kahawia toka chini. Hapo moyo wa mtunza bustani humshawishi aongeze maji: debe mbili kwa juma, kisha tatu, kisha kila siku, na mwishowe binti wa nyumba yumo njiani kwenda kisimani kwa ajili ya ua linalotaka kufa. Twawasihi msifanye hivyo. Zinia imeumbwa ife wakati huo. Kuizuia ni kazi isiyo na mwisho, na maji ya Agosti yana wenyewe, nao ni watu, na mbuzi, na mchicha. Ing'oeni, mtie mabua katika shimo la mbolea, na kitalu kipumzike tupu hata Desemba.

Lakini kabla ya kung'oa, chukueni mbegu. Chagueni mapema, Aprili au Mei, mimea miwili mitatu iliyokuwa na afya na rangi mliyoipenda, na hasa ile iliyosimama vizuri katika juma la jua kali, mkaifunge uzi shinani ili mtu asiikate. Vichwa vyake vikauke juu ya mmea mpaka viwe vya kahawia hata katikati. Vikateni siku kavu, mkavitandaze kivulini juma moja, kisha mvipukuchue. Mbegu za pembeni zimeshikamana na petali zilizokauka na zina umbo la kichwa cha mshale. Zile za katikati ni bapa. Zilizo nene na ngumu ndizo njema. Nyepesi zipeperushwazo na pumzi ni makapi. Mbegu za pakiti zilizoandikwa F1 hazitazaa watoto wafananao na mama yao, na mwenye kutaka rangi ile ile hana budi kuzinunua tena. Hizi nyingine zitazaa, ingawa nyuki huchanganya rangi kama apendavyo. Zitieni katika bahasha ya karatasi, mwandike jina na mwaka, na bahasha mwiweke ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, mahali penye ubaridi, juu, panya wasifike. Zikikaa hivyo zitaota hata baada ya miaka mitatu, maana mwaka mmoja mvua yaweza kukosa kuja.